Kondoo wa Malisho ya Ndani

Ukungu ulipanda kutoka baharini bila kupiga hodi. Saa tano asubuhi Heini alikuwa akiuona mgongo wote wa kisiwa, kijani kibichi, ukiinama taratibu kuelekea magengeni, na ndege wa baharini waitwao lundi, kwa maelfu, wakirudi kwenye mashimo yao wamebeba visamaki midomoni. Saa tano na robo hakuziona hata buti zake mwenyewe.

"Tukae," alisema Sakaris nyuma yake.

"Tukae kwa nini?"

"Kwetu ukungu ukishuka mtu anakaa chini. Anawasha kiko, anasubiri."

"Ndiyo maana kwenu mnaoa mkiwa wazee," Heini akamjibu. "Mnachelewa hata harusini."

Sakaris alicheka. Alikuwa mume wa Sunnvá, dada yake Heini, mtu wa visiwa vya kusini aliyehamia kijiji cha Hamravík kwa ajili ya mke, na miaka miwili ya kutaniwa ilikuwa imemkomaza ngozi. Begani alibeba kamba ya pima kumi na tatu, kiunoni chupa ya maji, tupu. Walikuwa wametoka alfajiri kwenda kuhesabu majike wenye wana kabla ya siku ya kukata sufu. Kazi ya kutembea tu, ya kutwa moja. Sunnvá aliwafungia mkate na nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa upepo, akawaambia saa tisa alasiri kahawa itakuwa mezani, na atakayechelewa atakunywa mashapo.

Heini hakukaa. Kijijini kwao jina lake lilikuwa limefungamana na milima kama nyuzi za sweta. Akiwa na miaka kumi na sita aliwashusha watu wazima wanne kutoka kileleni katika theluji, akiwa mbele yao, na tangu siku hiyo hakuna mzee aliyemtangulia njiani. Sasa alikuwa na wiki tatu tu tangu arudi kutoka Greenland, miezi mitano ya kuvua chewa katika barafu, na miguu yake ilikuwa na kiu ya ardhi. Akae? Aungoje mvuke?

Mbele yao kitu kilikohoa. Jike la kondoo, uso mweupe, mwili wa kahawia, lilisimama karibu nao na wana wawili ubavuni. Kabla halijageuka Heini aliruka, akaliangukia, akalishika pembe. Kwa vidole alilipapasa sikio la kulia. Mapengo mawili, upande wa nyuma.

"Malisho ya ndani," alisema, akaliachia. "Tumenyooka kabisa. Tuko juu ya kijito."

Hakuna mtu wa kisiwa kile ambaye angebisha. Kila malisho yana mkato wake wa sikio, na kondoo wa huko havuki mpaka wake hata ukimpa dhahabu. Anazaliwa pale alipozaliwa mama yake na anafia hapo hapo. Mtu aliyepotea ukunguni akimkamata kondoo mmoja, amekamata ramani. Na malisho ya ndani yako hatua mia tano kutoka kwenye genge, na kijito katikati.

"Nasikia ndege karibu sana, shemeji," Sakaris alisema.

"Ukungu hudanganya masikio. Sikio la kondoo halidanganyi."

"Na harufu?"

"Harufu ni yako. Kijito kiko kulia, hatua ishirini. Kajaze chupa, mtu wa kusini, halafu tushuke nyumbani."

Sakaris akaitua kamba, akaichomoa chupa, akaenda kulia. Heini alizisikia hatua zake zikiminya nyasi zilizolowa. Aliihesabu ya saba, ya nane. Ya tisa haikuja. Ulikuja mpasuko laini, kama mkate unaomegwa kwa mikono, kisha neno moja ambalo halikumalizika, kisha ndege, maelfu ya ndege, wakiruka na kupiga kelele mahali ambapo palitakiwa kuwa na kijito.

Heini alisimama pale pale. Kisha akalala kifudifudi akatambaa. Hatua ya nane ilikuwa nyasi. Ya tisa ilikuwa hewa. Chini yake ukungu ulizunguka kama maziwa yanayochemka, na kutoka kilindini, mbali mno, ulipanda mvumo wa bahari.

"Sakaris!"

Hakuna.

"Sakaris! Shemeji!"

"Usipige kelele," sauti ilisema kutoka chini, dhaifu, yenye hasira. "Unawatisha wenye nyumba."

Alikuwa ameanguka pima tano, juu ya kibaraza cha mwamba kisicho kipana kuliko kitanda, kinachoinama kuelekea baharini, kilichojaa kinyesi cha ndege na utelezi. Heini hakumwona. Alimjua kwa sauti tu, na kwa kelele za farasi-bahari, wale ndege wa kijivu ambao mtu akiwakaribia humtapikia mafuta yanayonuka wiki nzima.

"Umeumia wapi?"

"Mguu. Muundi. Umevunjika, mfupa unachungulia."

"Damu?"

"Ipo. Si ya kuruka. Na ndege huyu mjinga amenitapikia usoni."

"Unaweza kushika kitu?"

"Nimeshika nyasi. Nyasi hazijanishika mimi."

Heini alirudi kwa magoti akaipapasa ile kamba mpaka akaipata. Akaifunga kitanzi, akakiteremsha, akakisogeza kushoto na kulia kwa maelekezo ya mtu asiyemwona, kama kipofu anayemlisha kipofu mwenzake. Mara mbili kitanzi kilinasa kwenye jiwe. Mara ya tatu kamba ikatikisika.

"Kipitishe chini ya makwapa. Kaza."

"Nimekaza. Vuta."

Akavuta. Akavuta mpaka macho yakaona nyota. Sakaris alipanda shibiri moja, akapiga ukelele ambao Heini hakuwahi kuusikia kwa mtu mzima, akashuka tena. Wanaume wa magenge wanalijua jambo hili toka utotoni: mtu mmoja anaweza kumshikilia mwenzake, lakini kumpandisha kunahitaji sita, na afadhali wanane, wameketi mstari mmoja, visigino vimezikwa ardhini. Heini alikuwa mmoja.

Alitafuta jiwe la kufungia. Hapakuwa na jiwe. Alichukua fimbo yake ya mlimani, ndefu kuliko yeye, yenye ncha ya chuma, akaichoma ardhini kwa uzito wake wote, ikazama kama inachomwa kwenye uji. Ukingo mzima ulikuwa umetobolewa na mashimo ya lundi. Basi akachimba vishimo viwili kwa visigino, akaketi uso ukielekea baharini, akaizungusha kamba mgongoni na mkononi, akatulia. Hapo ndipo alipoelewa kwamba hawezi kuondoka.

Muda ulipita. Waliongea, kwa sababu mtu anayeongea hajalala.

"Una maji?" Sakaris aliuliza.

"Chupa ulikuwa nayo wewe."

"Ah. Basi imefika baharini kabla yangu."

Ukungu ulikuwa umemlowesha Heini mpaka shati. Alivua skafu ya sufu kwa mkono mmoja, akaikung'uta na kuiburuta kwenye nyasi mpaka ikajaa umande, akaifunga kwenye mwisho wa kamba uliokuwa wa ziada, akaiteremsha. Alimsikia Sakaris akiifyonza kama mtoto. Alimteremshia na nyama. Nyama ilirudi.

"Tumbo limekataa. Heini."

"Naam."

"Ulijuaje tuko juu ya kijito?"

"Kondoo. Mapengo mawili, sikio la kulia. Ulisikia nikisema."

"Nilisikia malisho ya ndani. Sikumwona. Alikuwaje?"

"Uso mweupe. Wana wawili."

Kamba ilitulia kabisa, na Heini akaikaza kwa hofu.

"Huyo tulimhamisha wakati wa Pasaka," Sakaris alisema mwishowe. "Mimi na baba mkwe. Majani ya ndani yalikuwa yameisha, na yeye alikuwa na mimba ya pacha. Mzee akasema huku magengeni majani ni manono, ndege wameyatia mbolea. Tulimbeba mgongoni kwa zamu. Wewe ulikuwa Greenland."

Heini aliitazama kamba mikononi mwake. Sikio la kondoo halidanganyi. Maneno yake mwenyewe yalimrudia na kumzaba usoni. Miezi mitano mlima uliendelea kuishi bila yeye, na yeye amerudi akiutembea ule wa mwaka jana. Wala hakuteleza Sakaris. Yeye, Heini, ndiye aliyemtuma. Hatua ishirini kulia. Kajaze chupa, mtu wa kusini.

"Mimi ndiye niliyekutupa huko," alisema.

"Ndiyo," Sakaris akakubali. "Shika kamba."

Saa tisa ilipita, na kahawa ikapoa huko nyumbani. Yapata saa kumi upepo uligeuka, ukaanza kushuka kutoka mlimani kwenda baharini, na juu ya upepo huo zikaja sauti za watu.

Kijiji kizima kilikuwa kimetoka. Walikuja kama siku ya kukusanya kondoo, mstari mmoja kutoka kileleni mpaka chini, kila mtu akimsikia jirani yake, wakiitana hoo, hoo, wakiuchana ukungu kama kitana. Heini alizisikia sauti zikikaribia nyuma ya mgongo wake. Alimtambua mwalimu. Alimtambua Sunnvá. Alijaza mapafu akaguta mpaka koo likachanika.

Upepo uliichukua sauti yake ukaipeleka baharini, na ndege wakaimaliza.

"Huko nje je?" sauti ya mwanamume iliuliza, wazi kabisa, kana kwamba imesimama begani pake. "Tushuke ukingoni?"

"Ukingoni wakatafute nini?" Ilikuwa sauti ya Sunnvá. "Yuko na Heini! Heini hawezi kutokea huko hata ukimfunga macho. Watakuwa wamekwama upande wa bonde. Twendeni juu!"

"Hapa!" Heini alilia. "Dada! Hapa!"

"Umewasikia?" Sakaris aliita kutoka chini. "Kimbia! Niache dakika mbili!"

"Huna pa kushika."

"Ninapo. Kimbia, mjinga wewe, wanaondoka!"

Zile hoo, hoo zilikuwa zimeanza kupanda. Heini aliifunga kamba kwenye fimbo, mafundo matatu, akaisindilia fimbo kwa kifua, akaiachia taratibu. Fimbo ikasimama. Akainuka, miguu imekufa ganzi, akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu, akafungua kinywa, na nyuma yake akaisikia ardhi ikipumua. Aligeuka. Fimbo ilikuwa ikitoka kwenye nyasi polepole, kama jino. Akajitupa. Kamba ilikuwa tayari inakimbia. Ilipita katika viganja vyake pima nzima na ngozi ikaenda nayo, kabla ya kisigino chake kimoja kukipata kishimo na uzito wote kusimama, ghafla, ukining'inia.

Fimbo ilichomoka kwenye mafundo, ikampita, ikaruka genge. Hakuisikia ikifika.

"Sakaris?"

Hakuna jibu. Kamba ilikuwa nzito kwa namna mpya, uzito wa kitu kisichojisaidia.

Alilia. Hakuna aliyemwona, wala asingejali kama angeonwa. Nyuma yake kijiji chake, watu wote aliowajua tangu azaliwe, walikuwa wakienda zao kwa ujasiri, wakipanda kule ambako mtu kama yeye ndiko angekuwa. Sauti zikawa nyuzi. Kisha hazikuwepo. Damu ilishuka kutoka viganjani ikaingia katika sufu ya mikono ya sweta. Hakuweza kuvuta. Hakuweza kuachia. Hakuweza hata kujipangusa pua. Nguvu zote alizojivunia, macho yale, miguu ile, vilikuwa vimegeuka kuwa kigingi cha kufungia kamba, na kigingi kibovu.

Baada ya muda ambao hakuweza kuupima, kamba ilitikisika.

"Niko nje," Sakaris alisema. Ulimi wake ulikuwa mzito. "Niko nje ya kibaraza. Nasota."

"Sota. Nimeshika."

Ilichukua dahari. Uzito ukapungua, nusu, robo. Alikuwa amerudi juu ya mwamba.

"Wameenda?"

"Wameenda."

"Heini. Usimwambie mzee habari za yule kondoo."

"Nyamaza, tunza pumzi."

"Sinyamazi. Ananipenda yule mzee. Alimbeba yule mnyama kuliko nilivyombeba mimi, goti lake likiwa bovu. Akijua, atakufa nalo. Niahidi."

"Nakuahidi. Sasa niambie majina ya mitumbwi yote ya kijiji chenu. Mmoja mmoja. Ukisinzia nitakutukania mama."

Sakaris akaanza. Alitaja mitumbwi, kisha wenye mitumbwi, kisha mbwa wa wenye mitumbwi. Alipochoka kuwataja mbwa alitukaniwa mama yake, akachekea puani, akaanza upya. Ule upepo wa mlimani uliendelea kusukuma, na saa kumi na mbili jioni ukungu ulianza kufunguka, si juu alipokuwa Heini, ila chini, juu ya maji. Kwanza likatokea povu jeupe kwenye miamba. Kisha bahari ya kijivu. Kisha, dogo kama punje ya shayiri, boti.

Ndani yake alikuwemo Sunnvá. Mstari uliporudi mikono mitupu, wakati wanaume wakibishana kuhusu bonde lipi, yeye alisema: nchi kavu tumeimaliza, basi hawako nchi kavu, akamburuta mjomba wake mpaka ufukoni. Heini aliyajua hayo baadaye. Wakati ule aliona tu boti ikisimama chini ya genge, na kitu chekundu, shali, kikipungwa, kikipungwa, kikipungwa.

"Ametuona," alisema. "Mkeo ametuona."

"Nimenyoa vibaya," Sakaris alisema, kisha akaanza kutetemeka.

Boti iligeuka, ikaondoka kwa kasi. Na hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote: kujua wanakuja, na kujua njia ni ndefu kiasi gani, na kuzisikia sekunde zikipita ndani ya vidole. Sakaris hakutaja mbwa tena. Mara moja moja Heini aliita, na mara moja moja kamba ilijibu.

Walikuja saa mbili usiku, jua likiwa bado limening'inia upande wa magharibi, wanaume kumi na mmoja, wakikimbia na machela na kamba ya magengeni nene kama mkono wa mtoto. Heini hakuwasikia. Alishtuka kuona mikono ikipita huku na huku mwilini mwake na kuikamata kamba, mikono mingi, na sauti ya baba yake, Mzee Hanus, ikisema sikioni, "Achia, mwanangu. Tumeshika sisi."

Hakuweza kuachia. Vidole vilikataa. Mzee Hanus alipiga magoti, na goti lake bovu, akavifungua kimoja kimoja, kama mtu anayemfungua kaa.

Kijana mwepesi aliteremshwa. Wanaume wakaketi mstari, wakazika visigino, wakavuta kwa pamoja. Sakaris alitokea ukingoni akiwa kijivu kama farasi-bahari wenyewe, ananuka mafuta, mguu umefungwa kwa skafu, macho yamefunguka.

Alipokwisha kulazwa kwenye machela, Mzee Hanus alinyoosha mgongo, akalitazama genge, akazitazama nyasi, akamtazama mwanawe.  Swali lilikuwa usoni mwa kila mmoja wao.

"Heini. Mlifikaje huku?"

Hatua thelathini hivi kutoka hapo, jike lenye uso mweupe lilikuwa likila majani manono na wana wake. Heini aliliona. Sakaris naye, kutoka kwenye machela, alikuwa akimtazama Heini.

"Nilipotea, baba."

"Wewe?"

"Mimi. Nilipotea, na nikamtuma shemeji kuchota maji baharini."

Mmoja wa wale wanaume alikohoa. Mwingine akatazama pembeni. Neno lile lilikuwa limeshatoka, na kabla ya machela kufika kijijini lilikuwa limefika.

Mguu wa Sakaris ulipona ukiwa mfupi kidogo. Wakati wa Krismasi, kijiji kilipokusanyika kucheza ngoma ya duara, mikono imeshikana na miguu ikitikisa sakafu, watu wa Hamravík walifanya wanachofanya siku zote mtu mkubwa anapochemsha: walikuwa wamemtungia utenzi. Beti hamsini na mbili. Desturi ni kwamba anayeimbwa hukamatwa na mabaunsa wawili, mmoja kila upande, acheze mpaka ubeti wa mwisho apende asipende. Wengine huuma. Mwaka mmoja karani wa bandari alitorokea dirishani.

Mwalimu alipopaza sauti, nyumba nzima iliitikia:

Mjuzi wa njia zote,
kwenye genge akaketi;
kauliza ndege wote:
"Nyumbani ni wapi, eti?"

Mzee Hanus alicheka mpaka akashika nguzo, akapiga sakafu kwa mguu wake wenye goti bovu, akadai ubeti urudiwe. Sakaris alikuwa kwenye benchi, mguu juu ya kigoda, Sunnvá pembeni yake. Yeye hakuimba. Alikuwa akimtazama Heini.

Wale mabaunsa wawili waliingia katikati ya duara, mikono ya mashati imekunjwa, wakijua kazi itakuwa ngumu. Heini alikuwa amesimama tayari, akiimba. Aliwanyooshea mikono yote miwili, viganja juu, mistari ya kamba ikimeremeta kwenye mwanga wa taa, nao wakasita kidogo, kisha wakamshika kwa upole.